Ndoa ya Mombasa, talaka ya Leicester: kesi ni ya mahakama gani?

Shangazi, assalaam alaykum. Nakuamkia.

Nakuandikia nikiwa kwa mamangu, Kibokoni. Mimi ni mzaliwa wa hapa Mji wa Kale, na mume wangu kwao ni Kuze. Tulioana mwaka 2001, nikaha ikasomwa msikitini na cheti cha ndoa tukapata. Mwaka 2006 tukahamia Uingereza, tukakaa Leicester mpaka leo. Pasi zetu sote wawili bado ni za Kenya, ila huko tuna ruhusa ya kuishi bila kikomo. Tuna binti mmoja wa miaka 21, yuko chuo kikuu huko huko.

Nyumba tuliinunua 2012 kwa mkopo wa benki. Jina lililoandikwa ni lake peke yake. Wakati ule mimi sikuwa na kazi ya kudumu, akasema karatasi zitakwenda haraka zaidi hivyo, nami sikuona ubaya. Baadaye nilipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Mshahara wangu ulikuwa ukiingia kwenye akaunti ileile inayolipia mkopo, umeme, chakula na mahitaji ya binti.

Kabla ya Ramadhani mamangu alianguka akavunjika nyonga, nikaja kumuuguza. Mwaka haujatimia. Nilipokuwa huku, simu za mume wangu zikaanza kupungua. Usiku mmoja akaniletea sauti kwenye WhatsApp, haikufika hata dakika mbili: ameniacha, talaka moja, na nisirudi pale nyumbani kwa kuwa hapana changu. Baadaye nikasikia kwa watu wa Leicester kwamba ana mchumba, msichana wa Malindi, na anataka kumpeleka huko.

Sasa shemeji amekuja na bahasha. Ndani mna karatasi iliyochapwa, inasema kwamba mimi na mume wangu tumeachana kwa ridhaa, kwamba nimepokea haki zangu zote za mahari na eda, na kwamba nakubali shauri lipelekwe kwa Kadhi wa Mombasa akalitolee hukumu. Natakiwa nitie sahihi. Haki zenyewe sijaona hata senti moja.

Nilipompigia mume wangu aliniambia hivi: ndoa yetu ni ya Mombasa, sisi ni Wakenya na Waislamu, kwa hivyo mahakama ya Kizungu haina mamlaka juu yetu. Na nyumba iko kwa jina lake, nikienda huko nitapoteza nauli yangu bure. Mjomba wangu naye, ambaye habari za nyumba hazijui, anasema maneno yaliyo karibu na hayo: mwanamke wa Kiislamu ana Kadhi wake, akimwacha akaenda kwa jaji wa Kizungu huyo anatafuta dunia tu. Binti yangu kila akipiga simu neno lake ni moja: "Mama, usitie sahihi chochote."

Shangazi, ni kweli Uingereza hawana mamlaka juu yetu? Nikitaka kufungua kesi huko ni lazima nirudi kwanza, na mama bado hawezi hata kujigeuza kitandani? Nikienda kwa Kadhi nitakuwa nimepoteza ya huko? Na mimi hasa sasa ni nani, mke wa mtu au mtalaka? Halafu kuna dhahabu yangu ya harusi, iko kabatini Leicester.

Aliyeachwa kwa simu, Kibokoni

*

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Marahaba. Pole kwa mama, Mungu ampe afya, na pole kwa hili jingine.

Bintiyo ana akili. Karatasi ile usiitie sahihi. Usiirudishe pia, mwambie shemejiyo kwa adabu kwamba umeipokea na unaisoma, kisha iweke mahali pa salama pamoja na bahasha yake. Ile sauti ya WhatsApp nayo usiifute. Mtumie bintiyo nakala yake, maana simu huibiwa, na humwagikiwa na chai.

Mumeo amekwambia kwamba mamlaka ya mahakama yanafuata mahali ndoa ilipofungwa, pasi na dini. Watu wengi wa pwani wanaoishi ng'ambo wanaamini hivyo, hata wasio na hila. Uingereza haiko hivyo. Kule England (Scotland ina mahakama zake yenyewe) sheria inayosema nani anaweza kufungua kesi ya talaka ni ya mwaka 1973, na ilirekebishwa walipotoka Umoja wa Ulaya. Haiulizi mliozwa wapi. Haiulizi uraia wala dini. Inachouliza ni mnaishi wapi kwa kawaida, na maskani yenu ya kisheria, yaani nchi mnayohesabiwa kuwa ni kwenu kwa kudumu, ni wapi. Mlango mmoja katika sheria hiyo unasema: inatosha kwamba yule anayeshtakiwa anaishi England kwa kawaida. Mwingine unasema: inatosha kwamba nyote wawili mlikuwa mkiishi England mara ya mwisho, na mmoja wenu bado yuko huko. Mumeo yuko Leicester, analala kwenye nyumba yenu na anakwenda kazini kila siku. Milango yote miwili iko wazi kwako, hata kama wewe uko Kibokoni na pasi yako ni ya Kenya.

Lakini tazama jinsi milango hiyo ilivyosimama juu yake yeye, si juu yako. Akihamia Dubai kesho, au akarudi Mombasa kabisa, itafungwa. Hapo ungebakiwa na hoja ya maskani, nayo ni ngumu: maskani ya asili yako ni Kenya, na kukaa miaka mingi England hakutoshi peke yake kuyabadilisha mpaka uthibitishe kwamba ulikusudia kubaki huko daima. Kwa hivyo usilale juu ya jambo hili kwa kudhani kesi itakungoja.

Utasikia pia watu wa Leicester wakikwambia kwamba nikaha haitambuliwi Uingereza, basi huna ndoa ya kuvunja. Wanachanganya mambo mawili. Nikaha iliyosomwa huko England peke yake, bila taratibu za serikali, ndiyo isiyohesabiwa kuwa ndoa. Mahakama ya rufaa ya huko ilishikilia hivyo mwaka 2020. Yako ilifungwa Mombasa, kwa njia ambayo sheria ya Kenya inaitambua, na cheti kikatolewa. Ndoa iliyo sahihi pale ilipofungwa, England nao huihesabu. Cheti ndicho ushahidi wako. Ikiwa cha asili kimebaki kwenye faili la mumeo, omba nakala iliyothibitishwa kwa msajili wa ndoa hapa Mombasa, na uombe mapema.

Sasa ile talaka ya simu. Kidini sina la kukufundisha. Kama alisema moja, kuna eda na kuna rejea, yaani mume kumrudia mkewe ndani ya eda, na hayo umuulize mwanachuoni unayemwamini. Kwa sheria ya England, hata hivyo, talaka iliyotamkwa na mtu akiwa ndani ya Uingereza si talaka. Sheria ya mwaka 1986 inasema wazi kwamba ndani ya visiwa vile hakuna kuachana kunakotambuliwa isipokuwa kwa amri ya mahakama ya serikali. Wala haisaidii kuitamka Leicester kisha ukaikamilisha kwa karatasi nchi nyingine. Mwaka huohuo wa 1986 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kesi inayojulikana kwa jina la Fatima. Mwanamume wa Kipakistani anayeishi England alimtaliki mkewe akiwa huko huko, akapeleka taarifa Pakistan kama sheria yao ya 1961 inavyotaka. Kisha mchumba wake akasafiri kwenda kuolewa naye, akazuiwa kuingia. Malodi wakasema: talaka iliyoanzia England na kumalizikia Pakistan haitambuliwi, kwa hivyo yule bwana bado ana mke.

Umeona kesi hiyo inavyofanana na yako? Mchumba, viza, na talaka iliyokatwa vipande viwili. Sijui moyo wa mumeo una nini, ila najua kwamba Uingereza haimpi viza ya ndoa mke wa pili wakati wa kwanza bado anahesabiwa, na kwamba mtu mwenye mke akienda kuandikisha ndoa nyingine kule anaingia katika kosa la jinai. Sauti ya WhatsApp haimfikishi mbali pale uwanja wa ndege. Anahitaji talaka ambayo Uingereza itaikubali, na ameona njia ya kuipata ni Mombasa.

Njia hiyo ipo kweli, na hapa ndipo unapopaswa kusoma polepole. Talaka ya nje hutambuliwa England kwa njia mbili. Ile ya mtu kutamka tu, pasipo shauri, ina masharti magumu, na moja ni kwamba asiwepo kati yenu aliyekuwa akiishi Uingereza kwa mwaka mzima uliotangulia. Mumeo amekwisha kushindwa hapo, hata akipanda ndege leo akaja kutamka mbele ya Ngome ya Yesu. Ya pili ni talaka iliyopatikana kwa shauri, yaani mbele ya chombo cha kisheria, na yenye nguvu nchini ilikotolewa. Hiyo inatosha mmoja wenu awe raia wa nchi hiyo, nanyi nyote ni raia wa Kenya. Kadhi akisikiliza shauri kutoka mwanzo hadi mwisho, akatoa hukumu, jaji wa England anaweza kuipokea.

Kadhi naye hana mamlaka juu ya kila mtu. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 170, inampa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, katika kesi ambayo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kuwa chini ya mahakama yake. Sharti hilo la kukubali watu hulipita bila kulitazama. Upande wa England nako kuna kinga: jaji anaweza kukataa talaka ya nje ikiwa mmoja hakupewa taarifa ipasavyo, au hakupata nafasi ya kusema lake.

Basi irudie ile karatasi. "Nakubali shauri lipelekwe kwa Kadhi" inajaza sharti la Katiba. "Tumeachana kwa ridhaa" inakunyima neno la kusema England kwamba hukujua. Na "nimepokea haki zangu zote" inafunga mdomo wako kila mahali, Mombasa na Leicester, kwa pesa ambazo hujaziona. Aliyeiandika alijua anachofanya, au alisaidiwa na anayejua.

Nisieleweke vibaya juu ya Kadhi. Mahakama ile ni yetu. Iliwekwa katika mapatano ya 1895 ya ukanda huu wa pwani na ikathibitishwa tena 1963 Sultani wa Zanzibar alipouachia mwambao uwe Kenya, na wanawake wengi nawajua waliopata pale haki walizonyimwa na ndugu zao wenyewe. Mahari iliyobaki, masurufu ya eda, mataa (kitu apewacho mke aliyeachwa kumliwaza): hayo Kadhi anayajua kuliko jaji yeyote wa Leicester. Asichokuwa nacho ni mkono wa kufika kwenye daftari la ardhi la Uingereza. Nyumba yenu iko kule, na pensheni ya mumeo, kama anayo, iko kule. Mjomba wako akisema una Kadhi, mwambie ndiyo, ninaye. Kisha mwambie na habari za nyumba, maana umekiri mwenyewe kwamba hazijui. Sioni dini iliyokataza mwanamke kudai jasho la zamu za usiku kwa wale wenye nguvu za kumrudishia. Na mumeo mwenyewe alipokopa kwa benki ya Kizungu hakuuliza kama ina mamlaka juu ya Mwislamu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni wa mpangilio: England kwanza, Kadhi baadaye. Kumuuliza sheikh hukumu ya talaka yako si kufungua kesi, uliza tu. Lakini usifungue shauri lolote Mombasa kabla ya maombi yako ya England kupokewa.

Huhitaji kupanda ndege kwa hilo. Tangu Aprili 2022 England hawataki tena ueleze nani alikosa. Unasema ndoa imevunjika pasipo kurekebishika, basi. Maombi hufanywa kwa mtandao, unaambatanisha cheti, unalipa ada ambayo sasa inapita pauni 600 kidogo, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Mahakama humpelekea mumeo taarifa. Zinapita wiki 20 kabla ya kuomba amri ya kwanza, kisha wiki 6 na siku moja kabla ya ya mwisho. Kwa kawaida hakuna kusimama mbele ya jaji kwa ajili ya talaka yenyewe. Mumeo hawezi kupinga kwa kusema bado anakupenda au wewe ndiye mbaya. Amebakiziwa mambo machache ya kubishia: kwamba mahakama haina mamlaka, kwamba ndoa haikuwa sahihi, au kwamba imekwisha kuvunjwa kihalali kwingine. La tatu hilo ndilo analoweza kulitengeneza kwa sahihi yako.

Anaweza pia kumwomba jaji asimamishe kesi kwa sababu kuna nyingine Kenya. Jaji atapima maisha yenu yalikuwa wapi hasa, na nyinyi mmekaa Leicester tangu 2006, mwana mmemlea huko, mali iko huko. Nisingekosa usingizi kwa hilo ikiwa ya Mombasa haijafika mbali.

Na kama yeye ametangulia, ukaletewa samansi ya mahakama ya Kadhi? Usijifiche. Wenye kujifanya hawakuipata ndio hukuta mambo yamekwisha. Nenda na wakili, na neno lenu la kwanza kabla ya lingine lolote liwe kwamba hukubali mamlaka ya mahakama hiyo katika shauri hili, na sababu zake, mziweke kwa maandishi. Ukianza kujibu habari za mahari na eda mwanzo, itasemwa umekubali. Hapa Mombasa FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi, na wapo pia Muhuri, shirika la Waislamu la kutetea haki za binadamu. Anzia kwao ikiwa wakili wa kulipwa ni mzigo. Kwa upande wa England tafuta wakili wa huko wa mambo ya familia. Serikali yao siku hizi hailipii wakili wa talaka ila katika hali chache, kama kuna ushahidi wa kupigwa au kuteswa. Lakini usipompata kwa uwezo wako, jaji anaweza kumwamuru mumeo alipie, ukithibitisha kwamba yeye anazo na wewe huna njia nyingine.

Nyumba nataka uishughulikie wiki hii, kabla hata ya talaka. Kwa kuwa sheria ya England bado inakuhesabu mke, una haki katika nyumba ya ndoa hata jina si lako, na haki hiyo huandikishwa kwenye masijala ya ardhi ya huko kwa fomu iitwayo HR1. Haina malipo. Ikishaandikishwa, yeyote atakayetaka kuinunua ataiona, na mnunuzi mwenye busara hasogei. Mumeo atapewa taarifa, kwa hivyo tegemea simu ya matusi siku hiyo. Kwanza utahitaji namba ya hati ya nyumba. Bintiyo anaweza kuitafuta kwa mtandao kwa pauni chache. Haki hii huisha ndoa ikivunjwa, na hiyo ndiyo sababu mawakili wa huko humwambia mteja asiombe amri ya mwisho ya talaka kabla mambo ya mali hayajatengenea. Talaka na mali ni maombi mawili tofauti kule. Wengi hupata la kwanza wakadhani wamemaliza.

Kuhusu jina lake kuwa peke yake kwenye hati, hayo ni maneno ya kukutisha tu. Jaji wa England akigawa mali ya ndoa hutazama mahitaji ya kila mmoja, umri, urefu wa ndoa, uwezo wa kupata kipato, na kila mmoja alichochangia, na kulea mtoto nako ni mchango. Tangu hukumu ya White ya mwaka 2000 wamekubaliana kwamba aliyeleta mshahara hamzidi aliyeshika nyumba. Wewe ulifanya yote mawili. Kusanya taarifa za ile akaunti ya pamoja tangu ulipoanza kazi, na hati zako za mshahara. Hizo zitasema kuliko mimi.

Tuseme sasa mambo yamekwenda vibaya, mumeo amepata hukumu Mombasa na England wameitambua. Bado hujafungiwa. Wana sheria ya mwaka 1984 inayomruhusu mtu aliyetalikiwa nje ya nchi kuomba haki za mali England, kwa idhini ya mahakama, akiwa na uhusiano wa kutosha na huko: maskani, au makazi ya mwaka mmoja ya mmoja wenu, au nyumba ya ndoa iliyo ndani ya England. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Agbaje, mume na mke Wanigeria wenye uraia wa Uingereza pia, waliokaa katika ndoa miaka 38. Mahakama ya Lagos iliwatenganisha na ikamwachia mke haki ya kuishi maisha yake yote katika nyumba moja ya huko, na pesa kidogo. Yeye alikuwa akiishi London. Akaomba England, na mwisho akapewa pauni 275,000, asilimia 65 ya thamani ya nyumba yao ya London. Mali yenu pengine haifiki huko, lakini mlango ni huohuo. Ni mrefu na wa gharama zaidi kuliko ule wa mbele, ndiyo maana nakuambia uwahi.

Jambo moja ambalo hutakiwi kulisahau katika yote hayo: usiolewe tena kabla dai lako la mali halijafika mahakamani. Aliyeolewa kabla ya kudai hupoteza nafasi yake, kwa sheria ya kawaida ya huko na kwa hiyo ya 1984. Najua sasa hivi unaniona nimeota. Lakini nawajua watu wa Mji wa Kale, eda haijakauka tayari wameshaleta habari ya mjane mwenye duka Majengo.

Umeniuliza wewe ni nani sasa. Kwa dini, pengine mtalaka aliye ndani ya eda au aliyeimaliza, sheikh atakwambia. Kwa Uingereza wewe ni mke wa yule bwana mpaka leo, na kwa muda huu hiyo ni faida yako, itumie.

Ile ruhusa yako ya kuishi Uingereza itunze. Haikatiki kwa sababu mumeo kasema usirudi, lakini hukatika ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Muuguze mama kwa nafasi, ila uwe na tarehe kichwani.

Na dhahabu: bintiyo aipige picha ikiwa bado iko kabatini, kila kipande, na akuchukulie kwake ikiwa baba hana ubishi. Akiwa na ubishi, asigombane naye. Tafuta picha za harusi ambazo umeivaa na majina ya wawili watatu waliokuwepo ulipopewa, umpe wakili aitie kwenye orodha ya mali pamoja na nyumba.

Shangazi